Nilivyoifunga bandeji manifold ya gari ili keki ya shemeji ifike Maji ya Chai imesimama

Wakuu, salamu kwa kila mtu alipo, mlioko kazini na sisi wenzenu tulioko kwenye kochi.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe. Mke wangu yupo jikoni hapo, ananisikia nikicheka peke yangu, na nikitia chumvi hata kijiko kimoja atakuja kuninyang'anya simu. Kwa hiyo yapokeeni kama yalivyo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu wanaishi Arusha na hawajapanda Mlima Meru. Mimi naishi Olasiti na kuna mitaa ya Olasiti sijaifika. Elimu yangu ni form four, na kipindi cha physics nilikuwa nakaa dirishani nikiangalia wenzangu wakicheza mpira. Hilo la physics likumbukeni, litakuja kunitafuta.

Mke wangu, Mama Naomi, anaoka keki. Za harusi, za kipaimara, za birthday, zote. Mikono yake ina baraka, na sisemi hivyo kwa sababu ni mke wangu.

Na mimi nina cheo kwenye hiyo kazi: Mkurugenzi wa Usafirishaji. Napokea keki mlangoni, naipakia, naifikisha kwa mteja. Nikirudi nalamba bakuli la krimu. Ni kazi ya heshima, msinicheke.

Sasa tatizo ni gari.

Gari yangu ni zile van ndogo za zamani ambazo injini ipo chini ya siti za mbele. Jina la kampuni silitaji, wenye nazo mshajijua, na makalio yenu yanajijua zaidi. AC aliing'oa aliyekuwa nayo kabla yangu, sijui aliipeleka wapi. Kwa hiyo Januari na Februari, jua likiwaka na mimi niko kwenye foleni, joto linapanda kutoka chini ya siti kama mvuke wa ugali.

Abiria wa mbele ndiye anayepata habari kamili. Mama mkubwa wa mke wangu, anayeishi jirani na sisi, alipanda siku moja hadi mjini. Aliposhuka alisimama kidogo, akajipapasa nyuma, akasema:

"Baba Naomi, hii siyo gari. Hii ni oveni. Mke wako anaoka ndani, na wewe unaoka barabarani."

Kuanzia siku hiyo ukoo mzima wanaiita Oveni. Hata watoto.

Nilikuwa nacheka nao tu, mpaka siku ya keki ya kipaimara ya Terrat.

Ilitoka nyumbani nzuri, nyeupe, ina msalaba wa krimu juu na jina la mtoto. Tulipofika Terrat, mimi na mke wangu, nikafungua boksi. Wakuu, ile keki ilikuwa imesujudu. Msalaba umelala kifudifudi, jina la mtoto limeteremka hadi kwenye kadibodi, limebaki herufi za mwisho tu zimeng'ang'ania ukingoni.

Mama wa mtoto akaangalia keki. Akamwangalia mke wangu. Afadhali angetukana.

Mke wangu njia nzima ya kurudi alitazama dirishani. Mimi nikawa naongea na usukani.

Baada ya hapo ikaja send-off ya shemeji yangu Neema, mdogo wake mke wangu. Inafanyika kwao, Maji ya Chai, Jumamosi, mchana. Keki anaoka dada mtu, ngazi tatu. Na send-off mnaijua: ukoo wote, kina mama wa kanisani wote, yaani wateja wake wa kesho na keshokutwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wanatazama. Keki ikisimama pale, jina lake limesimama. Ikisujudu, tutakuwa tunaoka za kula wenyewe.

Mama Naomi akanikalisha chini.

"Keki ya Neema ataibeba Mangi."

Mangi ni mwanyumba wangu, ameoa dada yake mkubwa mke wangu. Jina lake Prosper, Mchaga wa Machame, mfanyabiashara mjini. Ana gari kubwa yenye AC ambayo ukipanda unatoka na mafua. Ni mtu mzuri, ila ana ugonjwa mmoja: akikufanyia jambo, utasimuliwa hilo jambo hadi msiba wako.

"Mama Naomi," nikasema, "nipe nafasi. Naitengeneza."

"Unaitengeneza wewe?"

Aliuliza kwa upole. Huo upole ndio uliniuma.

Basi nikaanza utafiti. Nikalala kochini na simu, nikasoma huko na huku, nikaelewa kwamba joto kubwa linatoka kwenye manifold ya ekzosi. Kwa wenzangu wa dirishani: ni lile chuma lenye matawi lililobanwa ubavuni mwa injini, linakusanya moshi wa moto kutoka kwenye silinda na kuupeleka kwenye bomba. Gari ikikimbia, lile chuma linaiva kweli. Na kwenye gari yangu linaivia chini ya Mama mkubwa.

Dawa: kulivika chuma kitu cha kuzuia joto, joto libaki ndani liende zake nyuma na moshi.

Nikajiuliza, ni kitu gani hapa nyumbani kinashika moto ndani na nje hakiunguzi?

Jiko!

Jiko la mkaa likipasuka huku kwetu tunafanyaje? Unachukua udongo wa kichuguu, unachanganya na majivu na maji, unakandika upya. Nikaona wazungu wa mtandaoni wanahangaika bure. Nikanyanyua siti, nikaikandika ile manifold udongo vizuri, nikailainisha kwa kijiko cha mke wangu cha kupakia krimu. Ikakauka na jua. Nikawaita hadi majirani waje kuangalia. Nikajiona profesa.

Kesho yake nikaenda kuchukua unga wa ngano. Tuta la kwanza nikasikia *kwaa*. La pili *kwaa kwaa*. La tatu mabonge ya udongo yakadondokea kwenye fan belt, ule mkanda wa feni, na gari ikapiga yowe kama nguruwe anayeshikwa. Watu wakatoka madukani. Nikasimama, nikanyanyua siti, vumbi la kichuguu likanipaka usoni.

Kumbe jiko halipigi matuta. Hilo ndilo somo la physics lililonipita.

Mke wangu alipoona akauliza kitu kimoja tu: "Umejenga jiko kwenye injini?"

Kisha akachukua simu kumpigia Mangi. Nikamwomba asubiri mpaka Ijumaa. Akaiweka simu mezani, uso juu, ili niione.

Hapo sasa nikaacha ujuaji. Nikaenda mjini kwa mzee mmoja Kalasinga, Mzee Jaswant. Familia yake iko Arusha tangu enzi za babu yake, ana duka la spea na gereji nyuma, na ujana wake wote aliumalizia kwenye rally, mbio za magari. Nilishasikia kwamba watu wa rally ndio wenye mambo haya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani huyo amefukiwa kaburini?" Udongo ulikuwa bado umenikaa masikioni.

Nikamweleza shida. Akatoka kuiangalia gari, akaizunguka kwa heshima zote.

"Unaenda kushindana rally na hii?"

"Hapana mzee, naenda send-off."

"Na msaidizi wa dereva nani?"

"Keki."

Alicheka hadi akaegemea boneti. Halafu akaweka kicheko pembeni na kuchukua tochi, na hapo ndipo nilipojua niko mahali sahihi.

Kitu cha kwanza alichonionyesha ni oili. Gasketi ya kava la juu la injini ilikuwa imechoka, oili inachuruzika kidogo kidogo hadi kwenye manifold. Akaniambia dawa ni utepe wa kuzuia joto, ila kwanza nisikie: "Ukifunga utepe juu ya oili, hujazuia joto. Umetengeneza utambi." Wakuu, hilo neno lichukueni. Nilikuwa nimebakiza hatua moja kugeuza familia yangu kuwa kandili.

Kwa hiyo kwanza ikabadilishwa gasketi, injini ikaoshwa (ule udongo wangu ulitoka kwa msasa, akawa ananiangalia tu). Kisha ndio akatoa utepe wenyewe. Ni kama bandeji pana, imesukwa kwa nyuzi za kioo, fiberglass. Unalowekwa kwenye maji kwanza ili ulainike na ukaze ukikauka. Unazungushwa kwenye kila tawi, kila mzunguko unafunika nusu ya mzunguko uliotangulia, unavutwa kwelikweli, mwisho unabanwa na klempu za chuma. Siyo waya wa kufungia kuku, niliuliza.

Unawasha kama upupu. Nilikuja na glavu za oveni za mke wangu nikidhani nimewaza mbali. Glavu hizo hazikurudi jikoni tena, na hiyo ni kesi nyingine.

Juu ya utepe akaweka bati jembamba, lisiloligusa chuma, hewa ipite katikati. Na ile raba inayozunguka mfuniko wa injini chini ya siti, ambayo kwangu ilikuwa imebaki vipande, akaweka mpya ili hewa ya moto isipenye kuja kwa abiria.

Wakati naondoka akanishika bega.

"Sikiliza. Siku ya kwanza huu utepe utatoa moshi. Mwingi. Ni kawaida, inaungua gundi yake. Leo hii gari ipeleke mpaka Kisongo na urudi, ikimbize, moshi wote uishe. Ndio ubebe keki."

Nikasema sawa mzee, asante mzee.

Kisongo! Wakuu, mimi nikiishiwa vocha, kuliko kwenda kununua hapo kona naona bora nisiongee na mtu. Nilikuwa nimeshatoka nyumbani siku nzima, mifupa inadai kochi. Nikaenda moja kwa moja Olasiti, nikaegesha uani, nikaiacha injini inanguruma nikiwa nimekaa kibarazani. Nikaona gari ni gari, joto ni joto.

Ikatoa kamoshi kidogo. Mke wangu akauliza nani anachoma takataka. Nikasema jirani.

Halafu nikamwita aje na kipande cha siagi. Nikakiweka kwenye kisosi, kisosi juu ya mfuniko wa injini, siti imerudishwa. Tukasubiri injini ikiwa inaunguruma. Mama Naomi akanyanyua siti, akakibonyeza kwa kidole. Kimesimama, kina kona zote.

Alinitazama kama siku ile ya uchumba.

"Haya. Utabeba wewe. Lakini Baba Naomi..."

Akachukua kisosi chake, akarudi jikoni.

Jumamosi tukapakia. Mke wangu nyuma, amekumbatia boksi la keki. Mbele, juu ya injini, Mama mkubwa na kitenge kipya. Alikataa kata kata kukaa mbele, nikambembeleza mpaka akakubali kwa masharti: amekuja na mto wake.

Mjini tukapita polepole, foleni ya kawaida. Namtazama Mama mkubwa kwa jicho la pembeni. Hajipepei. Hajajisogeza. Tulipotoka mjini na barabara kufunguka, nikakanyaga mafuta. Dereva wa rally.

Na hapo ndipo manifold ilipoiva sawasawa kwa mara ya kwanza, kitu ambacho kule uani haikufanya.

Tumefika Tengeru. Jumamosi ni siku ya soko, mnajua hali: ndizi, malori, watu, hakuna anayesogea. Nikasimama kwenye foleni. Moshi mweupe ukaanza kutoka chini ya milango. Kisha kwenye matairi. Kisha sikuiona barabara.

Bodaboda akapiga bodi kwa kiganja: "Mzee unawaka! Gari inawaka!"

Kufumba na kufumbua, soko limehamia kwetu. Mama mmoja muuza ndizi kanyanyua ndoo ya maji. Vijana wamechota mchanga na sahani za plastiki. Milango inafunguliwa kutoka nje. Kila mtu anaokoa.

Mke wangu akapiga kelele: "Msimwage! Kuna keki!"

Kijana mwenye mchanga akauliza, kwa haki kabisa: "Dada, keki au roho?"

Nikazima gari, nikaruka chini, nikanyoosha mikono mbele ya ile ndoo kama golikipa. Najua ni gundi, Mzee Jaswant aliniambia. Lakini je, kama siyo gundi? Kama ni ile oili? Nikapiga magoti, nikachungulia kwa upande wa tairi na tochi ya simu. Hakuna mwali. Hakuna oili. Utepe mkavu kabisa, unafuka wote sawasawa, na harufu ni ya gundi.

Nani ataniamini? Mtu aliyepiga magoti kwenye moshi anasema "ni kawaida, ni kawaida"?

"Mama shuka! Shuka mama utaungua!" Wanamvuta Mama mkubwa.

Mama mkubwa hakusogea hata inchi. Alikuwa amekaa juu ya mto wake katikati ya moshi kama malaika. Akainua mkono, soko likanyamaza.

"Niacheni. Hii gari naijua mimi kuliko mwenyewe. Siku zote naikalia hakuna moshi na ninaungua. Leo kuna moshi na nimepoa. Kama kungekuwa na moto humu, wa kwanza kujua ningekuwa mimi, siyo ninyi. Hayo maji kanywesheni ng'ombe."

Watu wakaanza kucheka. Nikapata nafasi ya kuongea.

"Jamani, nimeifunga kitu kipya cha kuzuia joto. Ni kama jiko jipya. Jiko jipya siku ya kwanza si linatoa moshi?"

"Aaaah!" Ndoo ikashushwa. Hilo kila mtu analijua. Angalau jiko langu lilinisaidia mahali.

Kijana wa mchanga akapitisha mkono, akagusa mfuniko wa injini pembeni ya Mama mkubwa. "Kweli bana, poa hii."

Moshi ukapungua, ukawa mwembamba, ukakata. Lakini soko halikutawanyika. Sasa wanataka kuona hiyo keki iliyotaka kuua watu.

Mama Naomi akanitazama. Najua alichokuwa anakiona: msalaba wa Terrat. Akafunua boksi polepole.

Ngazi tatu. Zimesimama. Maua ya krimu yana ncha, unaweza kujichoma. Jina la Neema limenyooka kama mstari wa daftari.

Tengeru nzima wakapiga makofi. Siwadanganyi, yule mama wa ndoo alipiga vigelegele. Akaweka ndoo chini, akaomba namba ya mke wangu, mwanawe ana kipaimara. Kijana wa mchanga yeye aliomba kipande. Akaambiwa roho yake isubiri.

Maji ya Chai tulifika habari zimeshatutangulia. Mangi alikuwa getini, ameegesha gari yake kivulini, AC inanguruma, yuko tayari kuokoa jahazi.

"Mwanyumba, nasikia umewaka."

"Nimewaka," nikamwambia. "Njoo ushike."

Akaja kweli, akafungua boksi, akaizunguka keki anatafuta mahali palipolegea. Akapakosa. Akaenda kwenye siti, akaweka kiganja. Akakaa nacho hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ulifungaje?" akauliza. Taratibu, watu wasisikie.

Wakuu, nimeoa miaka mingi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mwanyumba wangu kuniuliza kitu.

Wakati wa kukata keki Mama mkubwa alipewa kipaza sauti asalimie. Akasema, "Keki hii mnayoiona imepita katikati ya moshi na haikutikisika." Kina mama wakaitika Amina. Mke wangu aliinama, nikadhani analia, kumbe anacheka mpaka machozi. Kabla hatujaondoka alikuwa ameshaongea na kina mama kadhaa, kila mmoja na keki yake.

Sasa niliyojifunza, na nyinyi mjifunze bila kuitiwa mchanga.

Tengeneza kwanza panapovuja oili, ndipo ufunge. Kumbukeni utambi. Nyaya na mipira iliyo karibu isogezwe mbali, na utepe usifunike sensa za injini. Chunguza kila baada ya muda, maana nimeambiwa utepe ukishika unyevu unaweza kulisha chuma kutu taratibu. Udongo wa kichuguu uacheni jikoni. Na ukiambiwa nenda Kisongo, nenda Kisongo.

Ila kuna gharama moja ambayo mtandaoni hawaiandiki.

Siku ile tulipokuwa tunarudi, Mangi alimfungulia Mama mkubwa mlango wa gari yake yenye AC. Mama mkubwa akampita. Akaja kwangu, akakaa mbele, mto wake akautupa nyuma. Akasema, "Baba Naomi, tangu leo Jumapili utanipeleka kanisani. Jumatano sokoni. Na wenzangu wa jumuiya nimewaambia, gari sasa ni nzuri."

Miaka yote hii Oveni ndiyo ilikuwa ulinzi wangu. Hakuna aliyekuwa ananiomba lifti. Nimekaa kochini kwa amani kwa sababu ya lile joto, na nimelifunga bandeji kwa mikono yangu mwenyewe.

Naandika hapa nimevaa viatu. Mama mkubwa anapiga honi uani. Gari ni yangu, honi anapiga yeye.

Waliofunga manifold na wakapita nayo msimu mzima wa mvua, leteni ushuhuda: kutu ikoje? Na aliyewahi kujaribu udongo kabla yangu ajitokeze, nisiwe peke yangu. Wa kuomba picha ya keki, mmechelewa, imeliwa.